Namna ya kujadili ndoa ya jinsia moja na mtu asiyekubaliana nawe: mwongozo kutoka Lamu

Mwongozo huu nimewaandikia wale wanaoamini, kama ninavyoamini mimi, kwamba watu wazima wawili wa jinsia moja walioridhiana kuishi pamoja wanastahili kutambuliwa na serikali na kulindwa na sheria kama wanandoa wengine, lakini wanaishi mahali ambapo karibu kila jirani, kila mjomba na kila mwalimu wa madrasa anaamini kinyume chake. Ninaandika nikiwa Lamu, na hapa mtaani mtu hakwepeki. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba punda mwenye shehena akipita, wapitanjia hujibanza ukutani, na yule uliyegombana naye jana usiku barazani utakutana naye alfajiri msikitini na jioni gatini. Mjadala wa hapa, basi, si wa kumbwaga mtu na kwenda zako. Ni mazungumzo na mtu ambaye kesho atakusalimu, au atakunyima salamu.

Ijue sheria kabla ya kuisemea

Watu wengi hushindwa katika mjadala huu kwa sababu wanabishana kuhusu sheria ambayo hakuna kati yao aliyeisoma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 45(2), inasema kwamba kila mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari ya wote wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaieleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uwe wa mke mmoja au wa wake wengi, na inatambua ndoa za aina tano: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Kanuni ya Adhabu, yaani Sura ya 63, katika kifungu cha 162 inaweka adhabu ya hadi miaka 14 jela kwa kile inachokiita tendo lililo kinyume cha maumbile, na katika kifungu cha 165 adhabu ya hadi miaka 5 kwa vitendo vingine baina ya wanaume. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikataa ombi la kuvifuta vifungu hivyo. Siku iyo hiyo, kwa sadfa, sheria ya Taiwan ya kuruhusu ndoa za jinsia moja ilianza kutumika.

Zipo pia hukumu zilizokwenda upande mwingine, nazo lazima uzijue kwa mipaka yake. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa, ikikaa Mombasa, iliamua kwamba kuwafanyia watuhumiwa uchunguzi wa lazima wa sehemu za siri ili kupata ushahidi ni kuvunja Katiba. Kesi hiyo ilitokana na vijana waliokamatwa upande wa Kwale. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba watetezi wa haki za wapenzi wa jinsia moja wasinyimwe kusajili shirika lao, kwa kuwa uhuru wa kujumuika ni wa kila mtu. Baada ya hukumu hiyo nchi nzima ilijaa kauli kwamba mahakama imehalalisha ndoa za jinsia moja. Haikufanya hivyo, wala haikukifuta hata kifungu kimoja cha Kanuni ya Adhabu. Mtu akikuambia kauli hiyo, msahihishe kwa upole, hata kama kosa lake linakupendeza, kwa sababu ukimwacha na uongo unaokufaa leo atakuona mwongo atakapoujua ukweli.

Kuna jambo jingine la kisheria ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Haki ya ndoa imo ndani ya Sura ya Nne ya Katiba, na kwa mujibu wa Ibara ya 255 mabadiliko yanayogusa sura hiyo lazima yapitishwe katika kura ya maoni ya wananchi wote. Maana yake ni kwamba mtu anayetaka ndoa hii itambuliwe Kenya hawezi kumpita jirani yake. Marekani ilifika kwa hukumu ya majaji watano dhidi ya wanne, tarehe 26 Juni 2015. Mfano unaotufaa zaidi ni wa Ireland, nchi yenye dini iliyoshika mizizi, ambayo iliacha kulihesabu jambo hili kuwa jinai mwaka 1993, ikaruhusu talaka kwa kura ya mwaka 1995, na tarehe 22 Mei 2015 wapiga kura wake asilimia 62 wakakubali ndoa ya jinsia moja. Kabla ya kura hiyo waliketi watu 100 kulijadili pamoja na mambo mengine ya katiba: raia wa kawaida 66, wanasiasa 33 na mwenyekiti wao. Wale raia 66 walikuwa watu kama wa barazani kwetu, waliopewa muda wa kuuliza na kusikiliza.

Chunga ulimi, chunga mahali

Neno la kwanza utakalolitumia litaamua kama utasikilizwa. Katika Kiswahili cha mwambao, wanawake huitana "shoga" kwa mapenzi, na bibi yangu mpaka leo humwita hivyo mwenziwe wa utotoni. Neno lilo hilo likisemwa kumhusu mwanamume ni tusi. "Hanithi" na "msagaji" ni matusi pia. Tumia "watu wanaopenda wa jinsia yao" au "wapenzi wa jinsia moja", na mwenzako akitumia tusi usimkaripie papo hapo. Endelea kutumia neno lako wewe, kwa sauti ile ile. Nimeona mara nyingi mtu anaanza na tusi na baada ya nusu saa anatumia neno la mwenzake bila kujitambua.

Mahali pia huamua. Usilianzishe suala hili mbele ya halaiki, kwa mfano pale Mkunguni mbele ya Ngome watu wanapojazana, wala baada ya hotuba ya Ijumaa, kwa sababu mbele za watu kila mtu hulinda heshima yake na hakuna anayeweza kurudi nyuma hatua moja bila kuaibika. Zungumza na mtu mmoja, au wawili wanaoaminiana. Kahawa iwepo, na haraka isiwepo.

La usalama halina mjadala. Mwezi wa Februari mwaka 2010, huko Mtwapa, katika kaunti ya Kilifi, ile ile iliyo na Malindi, ulienea uvumi kwamba wanaume wawili wanataka kuoana, na umati ukaenda kukivamia kituo cha afya kilichokuwa kikihudumia watu kuhusu Ukimwi, na watu wakapigwa. Uvumi wa harusi ulitosha kuwamwaga watu barabarani. Kwa hiyo usimtaje mtu yeyote kwa jina, usieleze nyumba, kazi wala mtaa wa mtu unayemjua, na usikisimulie kisa cha mwenzako hata kama kingeushinda mjadala wote. Ikiwa wewe mwenyewe ndiye unayezungumziwa, hulazimiki kujitangaza kwa yeyote. Kuijadili sheria ni haki yako chini ya Ibara ya 33, lakini haki ya Katiba haimzuii mtu mwenye jiwe mkononi. Hasira ikipanda, aga uondoke.

Uliza kwanza, kisha usikilize kweli

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Mwaka 2014 jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti uliodai kwamba mazungumzo mafupi mlangoni na mtu mwenye mapenzi ya jinsia moja yaliwabadilisha watu misimamo kuhusu ndoa hii, na mabadiliko yakadumu. Habari hiyo ilienea haraka. Mwaka 2015 ikagundulika kwamba takwimu zake hazikuaminika, na jarida likauondoa utafiti huo. Waliougundua udanganyifu huo walikuwa watafiti vijana, David Broockman na Joshua Kalla wakiwemo, nao hawakuishia kukosoa. Walifanya jaribio la kweli kule Miami, si kuhusu ndoa bali kuhusu chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia, wakalichapisha mwaka 2016. Wapiga hodi walizungumza na kila mtu kwa muda wa kama dakika 10, na miezi 3 baadaye chuki ilikuwa bado imepungua. Ninaieleza hadithi hii yote kwa sababu inafunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba ushawishi unawezekana, na kwamba anayeutafuta kwa njia ya mkato huishia kudanganya.

Wale wapiga hodi hawakumwaga hoja. Walimuuliza mtu msimamo wake bila kumhukumu, wakamwomba akumbuke wakati ambapo yeye mwenyewe alihukumiwa kwa sababu tu ya kuwa tofauti na wengine, kisha wakamwachia alinganishe mwenyewe. Swali hilo la pili ndilo uti wa mgongo wa kazi nzima, na hapa Lamu, kwa bahati mbaya ya historia yetu, hakuna mtu mzima asiyekuwa na jibu.

Siku moja baada ya Alasiri nilikuwa nimeketi na ami yangu, mvuvi mstaafu, dakani kwao. Alikuwa na jarife magotini, akilishona kwa sindano ya mti, na habari za hukumu ya 2023 zilikuwa zimemfikia kama zilivyomfikia kila mtu.

"Watu hawa wangetiwa ndani wote," akasema, "nchi ikapumua."

Nikamuuliza, "Ami, ukisema watu hawa, unamwona nani machoni?"

Akavuta uzi. "Simwoni mtu. Nasema tu."

Sikumjibu. Nikamuuliza jambo jingine: kama aliwahi kutendewa vibaya si kwa alilolifanya, bali kwa alivyo. Akacheka kidogo, kisha akanisimulia siku aliyokuwa akisafiri kwenda Mombasa, katika miezi ya amri ya kutotoka nje iliyofuata mashambulizi ya Juni 2014 katika mji wa Mpeketoni, humu humu kaunti ya Lamu. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani basi lilisimamishwa, na yeye akateremshwa peke yake kwa ajili ya kofia yake na ndevu zake, akaketishwa chini juani huku abiria wengine wakimtazama dirishani. Wakati ule wavuvi wa Lamu walikuwa wamekatazwa kuvua usiku, kwa hiyo alikuwa hana kazi, na sasa hakuwa na heshima pia.

"Sikuulizwa nimefanya nini," akasema. "Niliangaliwa tu."

Hapa ndipo wanaojifunza wanapoharibu. Hamu inawapanda, wanamrukia mzee wa watu na kumwambia, "Basi unaona, ni mambo yale yale!" Usifanye hivyo. Ami yangu alikuwa amenikabidhi jeraha lake, na jeraha la mtu haligeuzwi kuwa hoja papo hapo. Nilimpa pole, nikamuuliza ilikuwaje alipofika nyumbani, na kama alimweleza mkewe. Hakumweleza. Alishona tena matundu matatu au manne, kisha akasema mwenyewe:

"Lakini mimi sikuwa na kosa."

"Naam, Ami. Na yule askari hakuwa na haja ya kujua hilo."

"Si sawa na haya unayoyataka wewe."

"Si sawa, wala sikusema ni sawa. Nimeuliza tu mtu hujisikiaje akiteremshwa kwenye basi."

Akanitazama. "Wewe unamjua mtu wa namna hiyo?"

"Ninamjua, na sitakutajia."

"Usinitajie," akasema, na akasogeza birika la kahawa upande wangu.

Jina la mhusika halikutajwa, aya haikusomwa, na wala hatukukubaliana. Lakini tangu siku hiyo ami yangu hajasema tena mbele yangu kwamba watiwe ndani wote.

Dini: tofautisha mlango wa msikiti na dawati la serikali

Mwenzako atakuambia kwamba dini imekataza. Mkubalie kwamba hivyo ndivyo wanazuoni wake wanavyofundisha na hivyo ndivyo anavyoamini, na usijaribu kumfasiria kisa cha kaumu Luti ikiwa hukukaa mbele ya mwalimu ukakisoma. Katika mji wenye Riyadha, chuo ambacho watu hukijia kutoka pembe zote za Afrika Mashariki, atakayejitia mwanachuoni bila ilimu atafedheheka kabla kahawa haijapoa. La muhimu zaidi ni kwamba huhitaji kuushinda mjadala huo. Unachohitaji ni kuonyesha kwamba swali la serikali ni jingine.

Nikahi ina nguzo na wajibu wake: walii, mashahidi wawili, mahari, ijabu na kabuli. Hakuna anayeomba nguzo hizo zibadilishwe. Ndoa ya bomani ni kitu kingine, na sote tunalijua hilo kwa mfano ulio karibu nasi. Mwanamke wa Kiislamu akiolewa na mwanamume asiyekuwa Mwislamu mbele ya msajili wa serikali, msikiti hauitambui ndoa hiyo, lakini serikali inaiandika na kuilinda, na hakuna kadhi aliyelazimishwa kuifungisha. Watu hawaipendi, wanasikitika, na pengine hawahudhurii. Hata hivyo hawasemi kwamba huyo msajili ameivunja dini yao. Muulize mwenzako kwa utaratibu: ikiwa serikali tayari inasajili ndoa ambazo msikiti hauzikubali, na dini imebaki salama, ni kitu gani hasa kitakachoharibika ikiongezwa nyingine? Kisha umsikilize, kwa maana jibu lake halisi liko hapo, na mara nyingi si lile alilolianzia.

Afrika Kusini ni ushahidi mzuri wa kuweka mbele yake. Katiba yao ya mwaka 1996 ilikataza ubaguzi kwa msingi wa mwelekeo wa kimapenzi. Mwaka 1998 Mahakama ya Katiba ikafuta sheria zilizowafunga watu jela. Tarehe 1 Desemba 2005 mahakama hiyo hiyo, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Albie Sachs, ikalipa bunge mwaka mmoja kurekebisha sheria ya ndoa. Na mwisho wa Novemba 2006 sheria mpya ikaanza kutumika. Kiongozi wa dini hafungishi ndoa chini ya sheria hiyo mpaka dini yake yenyewe iombe kuruhusiwa. Misikiti ya Cape Town inaendelea na nikahi zake kama kawaida.

Kuna tunu moja ya Uswahilini itakayokusaidia kuliko hoja zote za kigeni, nayo ni stara. Hapa hatuingii nyumba ya mtu bila kupiga hodi na kukaribishwa, na kila aliyepitia madrasa amefundishwa kwamba Surat al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Mweleze mwenzako kwamba kifungu cha 162 hakiwezi kutekelezwa bila mtu kuchungulia chumba cha mwingine. Wazee wengi niliozungumza nao hufika hapa, wakakubali kwamba la chumbani si la polisi. Lakini kuwa mkweli nafsini mwako: stara itamfikisha mtu kwenye kukataa jela tu, haitamfikisha kwenye ndoa, kwa kuwa ndoa ni jambo la kutangazwa. Kuanzia hapo unahitaji njia nyingine.

Njia hiyo ni maisha ya nyumbani. Mwombe afikirie watu wawili waliokaa nyumba moja miaka 20, wakachangia kuijenga, mmoja wao akapatwa na kiharusi. Hospitalini wanaulizwa jamaa wa mgonjwa ni nani, na anayeitwa ni ndugu ambaye hajapokea simu yake kwa miaka 10. Mgonjwa akifa, ndugu huyo ndiye mwenye maiti, na nyumba ikiwa imeandikwa kwa jina la marehemu, mwenzake anatoka na nguo zake. Mwislamu mwenye ilimu atakujibu kwamba angeandika wasia, kwani mtu anaruhusiwa kumwachia asiyekuwa mrithi hadi theluthi ya mali yake. Ni jibu zuri, na ulisifu. Kisha uliza: theluthi ya nyumba ni chumba gani? Na wasia unasaidia nini wakati mtu bado yu hai kitandani na daktari anataka saini?

Hofu zilizo na sababu, na nyingine za kupita

Upande wa Malindi utasikia zaidi kwamba jambo hili limeletwa na watalii. Usilicheke neno hili. Malindi imeishi na wageni wa Kizungu kwa miongo mingi, na imeona watoto wakiharibiwa na watu wazima wenye fedha, wavulana na wasichana pia, huku wakubwa wakinyamaza. Mzazi anayeogopa hapo ana kila sababu ya kuogopa. Mwambie wazi kwamba unaogopa pamoja naye, kwamba Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 inamlinda mtoto dhidi ya mtu mzima yeyote wa jinsia yoyote, na kwamba ungependa itekelezwe kwa ukali zaidi. Baada ya hapo ndipo uonyeshe kwamba ndoa ni ya watu wazima walioridhiana, na kwamba anayemvizia mtoto hahitaji wala hataki cheti cha ndoa. Ukilipita jambo hili haraka haraka, mzazi huyo atakuhesabu kuwa miongoni mwa walionyamaza, naye atakuwa na haki.

Ukiambiwa ni mambo ya Wazungu, historia ina jibu, lakini lipime. Kifungu cha 162 ni mjukuu wa kifungu cha 377 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambacho Waingereza walikibeba hadi kwetu na kukiingiza katika kanuni ya Kenya ya mwaka 1930. India yenyewe, tarehe 6 Septemba 2018, iliacha kukitumia dhidi ya watu wazima walioridhiana, ingawa mwaka 2023 mahakama yake ilikataa kuruhusu ndoa. Mzee atakukumbusha kwamba makatazo ya dini yalikuwepo kabla ya Mwingereza. Ni kweli, na ukubali. Hoja yako ni ndogo zaidi: jela hii tunayoitetea kama urithi wa babu zetu iliandikwa na mkoloni.

Kuhusu wingi wa watu, Mwislamu wa mwambao anaijua hoja hii kuliko yeyote. Mwaka 2010 makanisa mengi yalifanya kampeni dhidi ya Katiba kwa sababu, pamoja na nyingine, ilizitambua Mahakama za Kadhi. Waislamu ni wachache nchini. Kama haki ingekuwa ni ya wengi tu, mahakama hizo zingekuwa mashakani. Jambo hili liulize kama swali, usiligeuze kuwa shutuma.

Wanaosema kizazi kitakatika wakumbushe kwa ufupi kwamba ndoa ya wazee wa miaka 70 ni ndoa, na ya tasa ni ndoa. Wanaosema kesho mtu ataoa mnyama, wajibu kwamba mnyama hana ridhaa na mtoto hana ridhaa, kisha uendelee na jingine.

Ipo hoja moja ambayo wenzangu wengi wanaipenda na mimi nakusihi uiache, au uitumie kwa uangalifu mkubwa. Ni ile ya mwanamke kuoa mwanamke, mila inayojulikana kwa Wakamba, Wanandi na jamii nyingine, ambayo mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua katika kesi ya mirathi ya Kinandi. Ndoa hizo zilikuwa za kupata mrithi na kulinda mali, si za mapenzi ya mwili, na wenye mila hiyo hukasirika wakisikia zikigeuzwa. Ukisema "Afrika imekuwa nayo siku zote" utakuwa umewadanganya. Unachoweza kusema kwa haki ni kwamba mahakama zetu zimewahi kuitambua nyumba iliyoundwa na wanawake wawili, kwa sababu kulikuwa na watu wa kulindwa ndani yake.

Kuyafunga mazungumzo

Usimalize kwa kumwomba mwenzako akubali. Mwombe akupe namba, kuanzia sifuri hadi kumi: sifuri hakubali kabisa, kumi anakubali kabisa. Muulize mara mbili, mara moja kuhusu jela na mara nyingine kuhusu ndoa, kwa sababu ni maswali mawili na watu huyachanganya. Kisha muulize kwa nini hakutaja namba ya chini zaidi, naye atajikuta anaitetea ile sehemu ndogo aliyoikubali. Ami yangu alitaja nne kwa jela. Kwa ndoa alisema sifuri, na nikamshukuru kwa ukweli wake.

Andika, ukifika kwako, swali lolote ulilolishindwa, na urudi na jibu hata kama haliko upande wako. Swali la ami yangu lilikuwa kama siku moja jaji aweza kumlazimisha kadhi. Nilimwambia nitaangalia. Ijumaa iliyofuata nilimpelekea nakala iliyochapishwa ya Sheria ya Ndoa, nikiwa nimekipigia mstari kifungu cha 49, kinachosema kwamba jambo lolote ndani ya sheria hiyo linalokwenda kinyume na sheria na desturi za Kiislamu halitatumika kwa Waislamu. Alivaa miwani, akakisoma mara mbili, akaomba abaki na karatasi hiyo amwonyeshe imamu.